Baba Mdogo Ni Mwenyekiti wa Kijiji, Nami Nataka Kuchunguza Mikutano ya Kijiji

BARUA

Mwalimu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, katika chuo kimoja hapa Iringa. Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja kilicho kandokando ya barabara itokayo Njombe kwenda Makete, mahali ambapo viazi, mahindi na siku hizi parachichi ndivyo vinavyolipa ada za watoto. Ninakuandikia kwa sababu masomo yangu na ukoo wangu vimegongana, na sioni ni kipi kati ya hivyo viwili kimpishe mwenzake.

Likizo iliyopita baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti wa kijiji chetu kwa kipindi cha pili sasa, aliniomba nimsaidie mtendaji kuchapa mihtasari ya mikutano minne ya kijiji, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kwa mkono na wilayani walitaka iliyochapwa. Niliifanya kazi hiyo kwa siku tatu, nimekaa jikoni karibu na moto kwa ajili ya baridi, kompyuta ikiwa juu ya debe. Kilichonishangaza ni majina. Katika orodha ya mahudhurio, majina ya wanawake yalijaza kurasa nyingi kuliko ya wanaume, lakini nilipofika sehemu inayoeleza nani aliuliza nini na nani alijibiwa nini, niliwakuta wanaume watupu, isipokuwa mama mmoja aliyeuliza habari za bomba la maji, naye akaandikiwa kwamba suala lake limepokelewa.

Mkutano wa mwisho kati ya hiyo minne nilikuwa nimeuhudhuria mwenyewe. Ndio uliopitisha jambo la kukodisha sehemu ya ardhi ya kijiji kwa mwekezaji wa parachichi, na muhtasari unasema wananchi waliridhia kwa kauli moja. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba wanaume walikaa kwenye mabenchi mbele ya meza, wanawake wakakaa nyuma kwenye majani juu ya kanga zao, na ilipofika saa kumi na moja jioni wengi wao waliinuka mmoja mmoja kwenda kupika na kufunga ng'ombe, kabla mwenyekiti hajauliza anayeafiki anyooshe mkono. Njiani kurudi nyumbani akina mama hao hawakuzungumza kingine ila ardhi ile, na sikumsikia hata mmoja aliyeiafiki. Sidai kwamba kuna aliyekula rushwa, wala sina ushahidi wa jambo la namna hiyo. Nilitaka tu kuelewa inakuwaje waliohudhuria kwa wingi ndio waliosema kwa uchache.

Niliporudi chuoni niliandika pendekezo la utafiti juu ya swali hilo, katika tawi la sosholojia ya siasa, nikilenga kijiji chetu. Msimamizi wangu alilisifu, kisha akaniambia nipunguze siasa ndani yake, na ikiwezekana nibadilishe mada iwe ya lishe au ya usafi wa mazingira. Kabla sijaamua, habari zilimfikia baba mdogo kupitia kwa mtendaji. Alinipigia simu usiku akaniuliza, "Mwanangu, unataka kuniuza?" Nilishindwa kujibu. Yeye ndiye aliyeuza viazi vya msimu mzima nilipokosa ada ya mwaka wa kwanza. Baba yangu, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi, ameongeza mambo mawili: kwamba siasa ni ya wanasiasa na msomi akiigusa huungua, na kwamba hata nikimaliza, hajawahi kuona ofisi yenye kibao cha sosholojia ya siasa mlangoni.

Mwalimu, je, ninachotaka kukisoma ni elimu kweli, au ni siasa iliyovaa joho? Nikishikilia mada yangu, nitakuwa nimemvunjia heshima baba mdogo? Na je, baba ana haki katika hilo la ajira?

Mchapaji wa Mihtasari, Iringa


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nitaanza na lile usilolipenda. Usikichunguze kijiji cha baba yako mdogo. Sikuambii hivyo kwa kuwa mada yako ni mbaya, na heshima ya ukoo nitaizungumzia baadaye. Ninakuambia kwa sababu utafiti wenyewe utaharibika. Utaandika kwamba majina yote yamefichwa, utakipa kijiji jina la kubuni, lakini kijiji kina mwenyekiti mmoja tu, na kila atakayeisoma kazi hiyo kutoka Njombe hadi Makete, akijua mwandishi ni mtoto wa nani, atamjua na mwenyekiti. Ahadi ya kuficha jina utakuwa umeitoa huku ukijua huwezi kuitimiza. Zaidi ya hapo, akina mama wale waliozungumza njiani walikuwa wakizungumza na mtoto wao. Siku utakapowafuata na karatasi na kalamu watakuona kuwa binti wa nyumba ya mwenyekiti, na kila mmoja atapima neno lake: mwenye kinyongo atalikuza ili likamfikie mkubwa, na mwenye hofu atalimeza. Utarudi chuoni na majibu mengi ambayo hutajua hata moja lina uzito gani.

Na ile mihtasari uliyoichapa, iache. Ulipewa kama mtoto wa nyumbani anayesaidia kazi, hukupewa kama mtafiti, na hakuna aliyekuruhusu kuitumia. Imekufungua macho, na hapo ndipo kazi yake ilipoishia.

Swali lako, hata hivyo, usiliache, na wala usilibadilishe liwe la lishe. Msimamizi wako nadhani anakuonea huruma tu, kwa kuwa ameona wanafunzi wakikwama mlangoni kwa watendaji. Anaposema upunguze siasa anachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili chetu kimeyapa jina moja. Ipo siasa ya nani ashinde, ambayo ina kofia, nyimbo na magari yenye vipaza sauti. Na ipo siasa ya nani anaamua, nani anasikilizwa na nani anapata nini, ambayo iko kwenye benchi la kijiji hata mwaka usio na uchaguzi wowote. Mimi nilifundisha shuleni somo lililoitwa Siasa, ambalo baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992 lilikuja kupisha somo la Uraia. Nakiri kwamba kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto majibu, wakayakariri, wakafaulu, na maswali tukawa hatukuwafundisha. Unachokisoma wewe ni maswali. Hicho ndicho kinachokitenganisha na siasa ya nani ashinde.

Sosholojia ya siasa, kwa maneno ya nyumbani, huangalia njia mbili kwa wakati mmoja: jinsi dola, sheria na vyama vinavyoitengeneza jamii, na jinsi ukoo, ardhi, dini, jinsia na mfuko wa mtu vinavyoitengeneza siasa. Wanafunzi wengi huona njia moja tu, ile ya serikali kushuka kwa wananchi. Kijiji chako mwenyewe kinatosha kukuonyesha zote mbili. Wewe unakiona kijiji kuwa jamii ya asili ambayo siasa imeijia baadaye, lakini muulize bibi yako kama alizaliwa hapo kilipo leo. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na lengo likawa watu wote wa vijijini wawe wamehamia ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 operesheni iliupitia Mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, na watu waliokuwa wametawanyika mabondeni na vilimani, kila ukoo na mashamba yake, wakajikuta wamepangwa kandokando ya barabara. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya kuviandikisha vijiji na kuvipa halmashauri. Kwa hiyo jirani wa mama yako, umbali wake na shamba lake, hata kile kiwanja mnachofanyia mkutano, ni matokeo ya uamuzi wa siasa. Kisha hicho kijiji kilichotengenezwa na siasa kikazoeleka, kikapata koo zenye nguvu, urafiki na visasi vyake, navyo sasa ndivyo vinavyoamua nani awe mwenyekiti.

Nikupe mfano mwingine ambao sisi wa Iringa tunausimulia sana na kuuelewa kidogo. Isimani, kaskazini mwa mji huu kwa njia ya Dodoma, kuanzia miaka ya 1950 watu walifungua mashamba makubwa ya mahindi, na baadhi yao wakafikia kuwa na matrekta na vibarua. Azimio la Arusha la 1967 lilipokuja na sera ya ujamaa vijijini, liliwakuta hapo watu ambao hawakuwa sawa tena wao kwa wao. Siku ya Noeli ya mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alifika shambani kwa mkulima Said Mwamwindi, wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi akafa, kisha akaubeba mwili kwenye gari mpaka kituo cha polisi mjini na kujisalimisha. Alihukumiwa kunyongwa. Chuo cha ualimu hapa mjini kinaitwa Kleruu, na vijana wanaopita mbele ya lango lake kila siku wamesikia kisa hicho kama habari ya watu wawili wenye hasira. Msomi wa fani yako hawezi kuishia kwenye hasira. Atauliza ardhi ile ilipatikanaje, vibarua walitoka wapi na walilipwa nini, nani Isimani aliufurahia ujamaa na nani aliuogopa, na kwa nini amri ile ile iliyopokelewa kwa shangwe mahali pamoja ilipokelewa kwa bunduki mahali pengine. Zingatia kwamba kuuliza hivyo hakumtetei muuaji wala hakuilaumu serikali, na usipoweza kuyaandika mambo mazito namna hiyo bila kuchukua upande, basi hapo baba yako atakuwa na haki ya kuogopa.

Kama kisa hicho ni kikubwa mno, angalia gunia la viazi. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100, na kila mkulima wa Njombe anajua hivyo. Lakini umewahi kusimama shambani wakati wa kufungasha: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake linashonewa kilemba cha wavu, viazi vinapandishwa mpaka linakuwa na kichwa kama mtu aliyejitwika mzigo, na hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima akikataa, dalali haongezi neno, anapanda gari na kwenda kijiji cha pili. Hapo unaiona sheria ya nchi ikifia kwenye tuta la shamba, si kwa sababu haijulikani, ila kwa sababu mwenye gari anaweza kuondoka na mwenye viazi hawezi kungoja. Lakini usiishie hapo, kwa kuwa kilio hicho cha lumbesa kimefika bungeni mara nyingi, na mgombea anayekuja kuomba kura katika nyanda zetu hizi bila kuitaja huonekana mgeni. Gunia limewalazimisha wanasiasa kusema, ingawa bado halijawalazimisha kulipunguza.

Sasa nirudi kwenye mkutano wenu, maana hapo ndipo penye utajiri. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hupaswa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na robo yao angalau ni wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo haiiruhusu halmashauri kugawa ardhi ya kijiji mpaka mkutano huo uridhie. Kwa maandishi, basi, mama aliyekaa kwenye majani ana mamlaka juu ya ardhi ile sawasawa na mzee aliyekaa kwenye benchi. Wewe umekwishaona mwenyewe kinachotokea kati ya maandishi na majani: saa ya mkutano imepangwa na mtu asiyepika. Na lipo jambo ambalo hukulitaja, nalo ninakushauri ulisikilize, ambalo ni lugha. Mkutano unafunguliwa kwa ajenda, yatokanayo na mengineyo, kwa Kiswahili cha ofisini, wakati wengi wa akina mama hao hugombana, hutania na hupatana kwa Kibena au Kikinga. Mtu asiye na uhakika na neno "yatokanayo" hanyooshi mkono, hata kama ana hoja inayoweza kuuzuia mkataba.

Lakini jihadhari usije ukahitimisha kwamba wanawake wa kwenu ni wanyonge au wenye haya. Nenda kwenye kikundi chao cha kufa na kuzikana siku ya Jumapili. Utamkuta mama yule yule aliyenyamaza mbele ya mwenyekiti akiwa na daftari mapajani, anasoma majina ya wasiotoa mchango, anamtoza faini aliyechelewa, na mumewe mwenyewe akiwa miongoni mwa wanaodaiwa hamwonei haya. Mnaijeria Peter Ekeh aliandika mwaka 1975 kwamba sisi tuliotawaliwa na wakoloni tunaishi katika umma wa aina mbili: ule wa ukoo na ujirani, ambao mtu hujiona ana deni nao, na ule wa serikali tuliyoirithi kwa mkoloni, ambao mtu huchota kutoka humo bila kujiona mwizi. Alikuwa akizungumzia zaidi maadili na fedha, lakini nadhani hoja yake itakusaidia hata katika suala la sauti. Ningekuwa wewe, ningefuatilia mikutano miwili ya watu wale wale, wa kijiji na wa kikundi cha kuzikana, nikaandika nani anasema, kwa lugha gani, kwa muda gani, na amekaa wapi. Nisingeuliza kwa nini wanawake hawasemi. Ningeuliza wanasema wapi, na kwa nini hapo na si pale. Hata msimamizi wako hataona siasa ya kupunguza katika kulinganisha mikutano miwili.

Usomapo nadharia, zishushe namna hiyo hiyo mpaka ziguse udongo. Max Weber, Mjerumani aliyefariki mwaka 1920, aliyagawa mamlaka katika aina tatu: ya mila, ya mvuto wa mtu mwenyewe, na ya sheria. Wanafunzi hukariri aina hizo kana kwamba ni makabati matatu. Mtazame baba yako mdogo: amechaguliwa kwa kura, na hilo ni la sheria, lakini watu wanaomgongea usiku kusuluhishwa ugomvi wa mpaka hawaji kwa ajili ya kura, huenda wanakuja kwa kuwa babu yenu alisuluhisha kabla yake, au kwa kuwa yeye ana ulimi wa kupoza watu. Mtu mmoja, makabati yote matatu. Robert Michels, aliyeandika mwaka 1911 juu ya chama cha wafanyakazi wa Ujerumani, alidai kwamba kila jumuiya iliyojipanga, hata iliyoanzishwa kwa ajili ya usawa, huishia mikononi mwa wachache wanaojua utaratibu na kushika makaratasi. Ukimsoma, fikiria ushirika wowote wa mazao unaoujua, kisha fikiria yule mama mwenye daftari la kuzikana, uone kama naye hajaanza kuwa miongoni mwa hao wachache. (Michels mwenyewe, kwa kukufahamisha tu, alimalizia maisha yake akiwa mfuasi wa ufashisti huko Italia, kwa hiyo msome, usimwabudu.)

Kuhusu ajira, baba yako amesema kweli kuhusu kibao. Ofisi hiyo haipo, na nisingependa umalize chuo ukiitafuta. Zilizopo ni kazi zenye majina mengine: afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri, watu wa miradi katika mashirika, wakusanyaji na wachambuzi wa takwimu, waandishi wa habari za uchunguzi, na walimu wa vyuo kwa wachache. Nafasi hazitoshi waombaji, na huo ndio ukweli wake. Lakini mfikirie afisa maendeleo ya jamii anayesimamia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali ilipoweka sharti la kikundi, vikundi vikazuka, vingine vya kweli na vingine vya majina tu yaliyokusanywa wiki ya mwisho. Afisa asiyejua kutofautisha atatoa fedha kwa karatasi. Anayejua kukaa nyuma ya mkutano na kuhesabu nani anasema, atajua kikundi kipi kina mwenyewe. Ila uongeze jambo moja ambalo wanafunzi wa sosholojia hulikimbia: jifunze takwimu na programu zake vizuri, usije ukawa mtu wa maelezo matupu.

Taratibu za kuingia kijijini nitazipitia haraka, kwa kuwa msimamizi wako anazijua. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na halmashauri, ikafika kwa mtendaji wa kata na mwisho wa kijiji. Usiruke hata ngazi moja, na usikubali kuanza kwa simu ya mtu anayekufahamu. Chagua kijiji cha tarafa nyingine ambako ukoo wenu hauna shamba wala mkwe. Epuka msimu wa kampeni, maana wakati huo hata anayehesabu miti huulizwa ametumwa na chama gani.

Bado baba mdogo. Amekuuliza kama unataka kumuuza, na hukumjibu, na ukimya huo amekwisha kuutafsiri kwa namna yake. Usimjibu kwa simu. Safiri, ufike jioni akiwa ametulia, uende na mama yako au shangazi kama ilivyo desturi, na umshukuru kwanza kwa viazi vile alivyouza, kwa maneno kamili, maana nina hakika hujawahi kuyasema. Kisha mwambie mambo matatu bila kuzunguka: kwamba hutachunguza kijiji chake, kwamba mihtasari uliyoichapa hutaitumia na umeifuta kwenye kompyuta yako, na kwamba swali la wanawake na mikutano utaendelea nalo mahali pengine. Hilo la tatu usilifiche ili kumfurahisha. Atalisikia tu, na safari hiyo atakuwa na sababu ya kukuita muuzaji. Ukiona amepoa, unaweza kumuuliza, kama mtoto anayejifunza kwa mzee, kwa nini mikutano huendelea mpaka saa ya kupika. Nina shauku ya kujua atakavyojibu, kwa kuwa sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza.

Na utakapofika katika kijiji ulichokichagua, wakikuletea kiti ukae meza kuu na mtendaji, kama wanavyomfanyia kila mgeni mwenye barua, omba radhi kwa upole ukakae nyuma kwenye majani pamoja na akina mama. Beba kanga yako. Uwe na saa mkononi, na kila anapoinuka mmoja kwenda nyumbani, andika dakika aliyoondoka na jambo lililokuwa likizungumzwa.